Bahasha Chini ya Mguu wa Meza

Katika ukumbi ule hakuna aliyekuwa na jina. Jina uliliandika kwenye daftari la mlinzi, ukaliacha pale langoni pamoja na simu yako, na ukishavuka mlango ulikuwa namba ya swali unalosahihisha, basi. Aliyepewa swali la kumi na moja aliitwa Kumi na Moja, aliyepewa la kumi na mbili aliitwa Kumi na Mbili, na hakuna aliyenuna. Kwenye foleni ya chai ungesikia baba mzima mwenye mvi anafokewa, "We Arobaini, hiyo sukari unakoroga au unakula?" naye anaitika kama ndilo jina alilopewa na bibi yake.

Mwanamke tunayemzungumzia alikuwa Kumi na Nne. Mwalimu wa Kiingereza, miaka tisa mfululizo akiitwa kusahihisha mtihani wa kumaliza shule ya msingi, na miaka tisa mfululizo akirudi nyumbani kama alivyokwenda: msahihishaji wa kawaida, kidole kimekolea wino mwekundu. Wenzake aliokuja nao mwaka wa kwanza walishakuwa viongozi wa meza. Wawili kati yao, tuseme ukweli, hata barua ya mwaliko hawawezi kuiandika bila kosa, ila wanajua kucheka na wakubwa. Yeye kucheka na wakubwa hakujaaliwa. Jambo hilo lilimuuma, tusidanganyane, lilimuuma kila mwaka.

Kazi yenyewe ilikwenda kwa mtindo wanaouita mkanda. Meza moja, watu kumi, maswali kumi. Karatasi ya mtoto inaingia upande huu kwa Kumi na Moja, anasahihisha mstari wake mmoja tu, anaisukuma kwa Kumi na Mbili, naye vivyo hivyo, mpaka inatokea upande wa pili kwa Ishirini na kufungwa uzi. Unachokiona ni majibu matupu, maana maswali yalibaki kwenye chumba cha mtihani. Hata mwongozo wa majibu kila mmoja alikatiwa kipande cha swali lake, kama mtoto anavyokatiwa mkate. Kuchungulia mstari wa jirani ilikuwa marufuku kabisa, eti utaanza kumwonea mtoto huruma au kumwonea hasira, alama ziende mrama. "Kila mtu na mstari wake!" ndiyo ilikuwa salamu ya asubuhi ya mkuu wa ukumbi, mama mnene, mpole wa sauti, aliyetembea na kengele ya mkononi ya kuanzia na kumalizia kazi. Walimwita Mama Kengele, mbali na masikio yake.

Swali la kumi na nne lilikuwa la kitenzi. Sentensi ya Kiingereza ya polisi na mwizi, mtoto anapewa kitenzi cha kukamata akiweke katika wakati uliopita. Jibu ni "caught", kimoja kati ya vile vitenzi vikaidi visivyofuata kanuni, ambavyo mtoto hana budi kuvimeza kama dawa. Wengine walikuwa wameandika "catched". Wengine "cot". Mmoja aliandika "police" na kutulia, labda alidhani wakishafika wao mambo yatajipa yenyewe. Siku ya kwanza Kumi na Nne alisoma kila jibu. Siku ya tatu alikuwa hasomi tena. Jicho lilitambua umbo la neno jinsi mtu anavyotambua mlango wa kwao, na kalamu ikapiga tiki au kosa yenyewe.

Siku ya nne kiongozi wa meza yao alishikwa na tumbo, akajikunja pale pale juu ya karatasi za watu, akakimbizwa hospitali. Kidole tumbo. Mama Kengele akaiangalia meza nzima, akamwangalia Kumi na Nne, akamkabidhi ufunguo wa droo.

"Shikilia wewe mpaka nione," alisema. "Bahasha ikifika, unasoma lebo kwa sauti, wote wasikie: namba ya shule, idadi ya watoto, aina ya karatasi. Ndipo unaikata. Meza ikienda vizuri, nakuthibitisha. Nimekuwa nikikuangalia siku nyingi, mwanangu."

Lo! Jioni ile Kumi na Nne alipopewa simu yake langoni alimpigia mama yake, na mama yake akapiga kigelegele kilichomfanya mlinzi ageuke. "Nilijua! Miaka tisa! Subiri niwaambie majirani."

"Mama, usiwaambie bado, ni kushikilia tu."

"Nishamwambia mmoja, ananisikia hapa."

Kulala walilala bwenini, kwenye vitanda vya ghorofa vya wanafunzi waliokuwa likizo. Kumi na Nne alilala kitanda cha juu akitabasamu peke yake kama mwehu. Alikwisha kuamua kwamba meza yake itakuwa ya kwanza ukumbini. Asubuhi akaanza kuisukuma. Bahasha ikifika anaipasua huku anataja namba ya shule kwa haraka haraka, idadi anaimezea katikati, na aina ya karatasi akaiacha kabisa. Aina ni ile ile siku zote. Kwa miaka tisa hakuwahi kusikia aina nyingine, sasa apoteze pumzi ya nini? Ufunguo ulikuwa umening'inia shingoni, droo haikufunguliwa hata mara moja. Kufika saa saba mchana wa siku yake ya pili ya kusukuma walikuwa wamewaacha wenzao bahasha nne nyuma. Kumi na Saba, mama kijana aliyekuwa amemwacha mtoto wa miezi saba kwa bibi yake, akasema kwa kasi hiyo atamnyonyesha mwanawe siku mbili kabla ya siku aliyoahidi, na meza ikacheka.

Meza yenyewe ilikuwa inacheza, mguu mmoja mfupi. Mchana ule kikaratasi kilichokuwa kimeutegemeza kikachomoka, kila mtu akawa anaandika kama yuko juu ya punda. Kumi na Nne akainama, akaikunja mara nne bahasha aliyokuwa ametoka kuikata, akaichomeka chini ya mguu.

"Huyo ndiye kiongozi," alisema Mzee Kumi na Tano, jirani yake wa kulia, ambaye alikuwa na mwaka mmoja tu kabla ya kustaafu na mzaha usiokauka. "Wengine wangeunda kamati."

Ndipo zikaja karatasi za bahasha ile, za shule moja. Watoto hamsini na wanane. Ya kwanza ilipomfikia, kwenye mstari wa kumi na nne palikuwa na neno "fell". Kosa. Ya pili, "fell". Kosa. Ya tatu hivyo hivyo. Akadhani macho yamechoka. Kufika ya kumi akaacha kalamu. Neno lenyewe lilikuwa limeandikwa sawasawa, kitenzi cha kuanguka katika wakati uliopita, ila lilikuwa na uhusiano gani na polisi na mwizi? Mtoto mmoja anaweza kuandika upuuzi. Watoto arobaini na tisa, na hao ndio aliowahesabu, kuandika upuuzi ule ule? Hapana, jamani. Hapo pana mtu kawapa majibu, tena kawapa majibu ya mtihani mwingine.

Alisikia moyo unamdunda kwa furaha. Tusimfiche: ilikuwa furaha. Akamwonyesha Mama Kengele, Mama Kengele akavaa miwani, akavua, akavaa tena. "Miaka yote hii," alisema, "hakuna aliyewahi kunikamatia shule nzima." Kumi na Nne akapewa fomu ya taarifa, na kwa kuwa fomu za kule huandikwa Kiingereza akaanza sentensi yake ya kwanza kwa kitenzi kile kile alichokuwa akikipigia tiki wiki nzima, herufi zimenyooka, kwamba amewakamata. Ukumbi mzima ulijua kabla ya chai. Arobaini alimpa mkono. Watu waliokuwa hawamsalimii wakamwita dada.

Alijua pia maana ya ile fomu, si kwamba hakujua. Matokeo ya shule yanafutwa. Watoto wanarudia mwaka mzima, wale ambao wazazi wao watakubali warudie. Mwalimu wa somo anasimamishwa kazi siku hiyo hiyo, na akishasimamishwa kwa udanganyifu ndiyo kamwaga unga, hakuna shule itakayomgusa. Alilijua hilo na akasema moyoni, si wamejitakia?

Kesho yake asubuhi Mama Kengele aliliweka furushi la shule ile mbele yake. "Andika udanganyifu juu ya kila karatasi, uweke saini. Kesho nakuthibitisha mbele ya ukumbi wote, uvae vizuri."

Akaanza. Udanganyifu, saini. Udanganyifu, saini. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuzishika karatasi zile nzima nzima. Jana aliuona mstari mmoja tu ukipita. Aliona kwamba watoto wale walikuwa na mwandiko mzuri. Aliona tiki nyingi kuliko alivyotegemea kwa watoto wezi, lakini mkono ukaendelea. Alipokwisha kuweka saini kwa mtahiniwa namba thelathini na moja alikuta, chini kabisa ya karatasi, maneno madogo ya kalamu ya risasi.

Hilo halikumshangaza. Watoto huwaandikia wasahihishaji kila mwaka: naomba nifaulu, baba yangu mgonjwa, naomba unihurumie, nilikuwa na malaria. Wasahihishaji husomeana na kucheka wakati wa chai. Huyu alikuwa ameandika hivi: "Pole na kazi mwalimu. Najua ziko nyingi. Ukichoka pumzika kidogo." Kumi na Nne akatazama kama kuna ombi linafuata. Hakukuwa na ombi. Mtoto alikuwa hataki kitu, alikuwa amempa pole tu.

Akatabasamu, na jicho likapanda kutoka kwenye maneno yale kwenda juu lilipozoea kukaa. Katika kupanda likapita kwenye mstari wa kumi na tano. Pale, pamepigwa kosa la kalamu nyekundu kwa mkono wa Mzee Kumi na Tano, palikuwa na neno "caught".

Akasita. Akachukua karatasi ya thelathini na mbili. Kumi na nne, "fell", kosa lake. Kumi na tano, "caught", kosa la mzee. Akarudi ya ishirini, ya kumi, ya kwanza. Zote. Jibu alilokuwa analitafuta lilikuwa limekaa chini ya jicho lake, mstari mmoja tu, upana wa ukucha.

"Mzee," alinong'ona, "swali lako ni kitenzi gani?"

"Hairuhusiwi kuulizana."

"Mzee, nakuomba."

Mzee akamtazama, akaona uso wake, mzaha ukamtoka. "Kuanguka," alisema. "Jibu ni 'fell'. Vipi?"

Kumi na Nne aliweka kalamu chini. Alivua ufunguo shingoni, akafungua droo kwa mara ya kwanza tangu akabidhiwe. Ndani palikuwa na miongozo miwili kamili, imebanwa kwa pini. Mmoja wa kawaida. Wa pili umeandikwa juu: Karatasi ya Akiba, kwa vituo ambavyo maboksi yao yaliharibika au kuchelewa. Maswali yalikuwa yale yale, ila machache yalikuwa yamebadilishana nafasi, ili waliochelewa wasiletewe majibu na waliotangulia. La kumi na nne lilikuwa limekwenda kumi na tano, na la kumi na tano limekuja kumi na nne.

Akasukuma kiti nyuma, mtu mzima na gauni lake, akapiga magoti chini ya meza. Akaivuta ile bahasha, meza ikayumba, chai ya mtu ikamwagika juu, mtu akalalamika. Akaikunjua sakafuni. Namba ya shule. Watahiniwa hamsini na wanane. Na pembeni, muhuri mwekundu mkubwa ambao hata mtu wa makengeza angeuona: AKIBA. Lebo aliyotakiwa kuisoma kwa sauti, wote wasikie. Alikuwa ameikandamiza chini ya mguu wa meza.

Kengele ya chai ilipolia Mzee Kumi na Tano alimfuata mpaka nyuma ya ukumbi kwenye bomba la maji. Alikuwa ameshaelewa. Alikuwa mzee lakini hakuwa mjinga.

"Nani mwingine ameiona?" aliuliza.

"Wewe."

"Basi hakuna. Nipe." Akanyoosha mkono. "Jioni wanachoma bahasha zote, unajua utaratibu. Hii nayo itaungua kama dada zake. Hakuna kitakachobaki."

"Na watoto je?"

"Watoto watarudia mwaka. Watoto wangapi wanarudia mwaka? Wa dada yangu karudia, leo ni fundi ana gari." Akashusha sauti. "Sikiliza, mwanangu. Bahasha za jana na juzi ulizikata ngapi bila kusoma aina? Unajua ngapi zilikuwa na muhuri huu? Hujui. Mimi sijui. Zimeshaungua. Ukienda kwa yule mama, meza hii inarudia siku mbili zote, karatasi moja moja. Kumi na Saba maziwa yanamwagika kifuani, kila asubuhi anabadilisha nguo mara mbili. Utamwambia nini? Na mimi niliyewapigia wote kosa bila hata kuuliza, na mwaka wangu mmoja uliobaki, utaniambia nini mimi?"

"Wewe ulifuata mwongozo wako. Makosa ni yangu."

"Ndivyo utakavyoandika? Kwamba ni yako peke yako?" Mzee alimwangalia kwa macho ya hofu, na Kumi na Nne akaona haya kwa niaba yake, kisha akaona haya zaidi kwa niaba yake mwenyewe, maana mkono wake ulioshika bahasha ulikuwa umekwisha kunyooka nusu.

Kweli, alitaka kumpa. Tusimfanye malaika. Alimfikiria mama yake na majirani. Alifikiria kesho, amevaa vizuri, kengele inalia, jina lake halisi linatajwa ukumbini baada ya miaka tisa ya kuitwa namba. Alifikiria kwamba mwalimu wa shule ile hamjui, hajawahi kumwona, hatamwona. Watoto nao hawajui. Watadhani walikosea. Kila mtu angeendelea na maisha yake akidhani ndivyo yalivyo.

Ila yule wa thelathini na moja alikuwa amempa pole. Angeomba kufaulu, angekuwa mmoja kati ya waombaji elfu. Alimpa pole mtu asiyemjua, na mtu huyo kampiga muhuri wa mwizi juu ya pole yenyewe, na saini kaweka. Kumi na Nne akajua hawezi. Angefurahi kama angeweza. Alirudisha mkono.

"Nisamehe, mzee wangu," alisema.

"Umeniponza," alijibu mzee, akafungua bomba bila sababu, akalifunga, akaenda zake.

Ofisi ya Mama Kengele ilikuwa stoo ya vifaa vya michezo. Alikaa kati ya mipira iliyoisha upepo na nyavu. Kumi na Nne aliiweka bahasha mezani, akaweka mwongozo wa akiba juu yake, akasimama. Alikuwa amejipangia maneno mengi njiani. Akasema tu, "Sikusoma lebo."

Mama Kengele alisoma bahasha, akasoma mwongozo, akasoma tena bahasha. Alipozungumza, upole wote wa sauti ulikuwa umetoka.

"Taarifa yako niliipeleka jana saa tisa. Asubuhi hii, kabla hamjaanza, mimi mwenyewe nimeipigia simu shule ile. Unajua mwalimu wao aliniuliza nini? Aliniuliza wamekosea swali lipi. Nikamwambia hairuhusiwi kusema."

"Naweza kuandika barua, mama. Sasa hivi. Niseme ni mimi."

"Utaandika. Na uongozi wa meza umekwisha, hilo unalijua. Meza yako inarudia siku zote mbili, nitawaambia mimi kwa nini, na wewe utakuwa umesimama pale wakikuangalia." Akavuta simu ya mezani, ile nyeusi yenye waya, akazungusha namba. "Lakini barua inachukua wiki. Hili haliwezi kungoja wiki. Utazungumza wewe."

Simu ikapokelewa upande wa pili na mwanamume. Sauti ilikuwa ya mtu ambaye amekuwa akisema sana tangu asubuhi.

"Wewe ndiye mwalimu wa Kiingereza?" aliuliza Kumi na Nne.

"Nilikuwa. Nimesimamishwa. Nipo hapa ofisini kwa mwalimu mkuu, nakabidhi vitabu. Nani mwenzangu?"

"Mimi ni msahihishaji. Kuhusu watoto wako…"

"Ah, hilo tumeshalimaliza, dada," alisema mwalimu, na alilisema kwa uchovu, bila ubaya. "Niliwaita wote asubuhi. Nikawauliza mmoja mmoja. Wote wanalia, wote wanakana. Nikawaambia asipojitokeza mtu mtafutiwa matokeo nyote hamsini na wanane. Basi mmoja kajitokeza. Amekiri kuwa ndiye aliyewapa wenzake majibu. Sikutarajia angekuwa yule, nakwambia kweli. Mtoto bora kuliko wote niliowahi kufundisha."

"Amekiri?" Kumi na Nne alishika ukingo wa meza. "Amekiri nini, mwalimu? Aliyatoa wapi majibu?"

"Hasemi aliyatoa wapi. Anasema ni yeye, wenzake waachwe, basi. Baba yake yuko hapo nje, amekuja kumchukua. Anasema shule imekwisha, anampeleka kwa shangazi yake akafanye kazi za nyumbani. Na mimi nitamwambia nini? Namwona mtoto hapa dirishani ameshika mfuko wake wa madaftari."

"Namba yake ni ngapi?"

"Ya mtihani? Thelathini na moja."

Mama Kengele aliyekuwa akisikiliza kwa karibu alifumba macho. Kumi na Nne alitaka kulia, akajikaza kisabuni, maana alijua akianza kulia atakuwa analia kwa ajili yake mwenyewe na mtoto atakwenda.

"Mwalimu, usimwache aondoke. Hakudanganya mtu. Hakuna aliyedanganya. Mwite, nakuomba, mwite haraka."

Kiti kikaburuzwa upande wa pili, mlango ukafunguliwa, sauti zikaitana uani. Kisha pumzi za mtu mdogo aliyekimbia zikasikika karibu kabisa na simu.

"Shikamoo, mwalimu," alisema binti.

Kumi na Nne alifungua mdomo. Miaka yote ya kufundisha, kila asubuhi darasa zima linasimama kumwamkia, na hakuwahi kukosa la kuitika. Marahaba haikutoka.

Binti akadhani ni hasira. "Nisamehe, mwalimu," alisema, haraka, kwa sauti inayotetemeka. "Sitarudia tena. Ila wenzangu msiwafutie."

"Hapana, mwanangu, hapana. Usiniombe msamaha. Usiniamkie kwanza," alisema Kumi na Nne. "Baba yako yuko hapo? Mwalimu wako yupo? Waambie wasogee. Waambie waweke sauti kubwa."

Akasikia minong'ono, kitufe kikabonyezwa, sauti za chumba kizima zikaingia. Mwanamume mwingine akakohoa. Kumi na Nne akaichukua bahasha kutoka mezani, akaikunjua kwa mikono miwili mahali ilipokuwa na alama ya mguu wa meza, na akaisoma lebo kwa sauti, neno kwa neno, kama alivyotakiwa kuisoma siku ile: namba ya shule, watahiniwa hamsini na wanane, karatasi ya akiba. Kisha akaeleza maana yake, na nani alitakiwa kuisoma na hakuisoma, na ni nani aliyeandika kwamba wamedanganya.

Alipomaliza, baba akasema, polepole, kwamba yeye hakusoma sana, kwamba hajaelewa vizuri. Mtoto wake ni mwizi au si mwizi?

"Si mwizi, baba," alisema Kumi na Nne, na akaanza upya tangu mwanzo.